Alama ya Sikio na ya Paja

Shikamoo dada Ghati,

Hapa Mwanza mvua haikatiki, na mimi na mama tumechoka kushinda hospitali. Leo daktari anayemtibu mama ametuambia kwamba ng'ambo wanaziunda upya seli za damu ziue saratani, ila seli haiui mpaka ikute alama mbili kwa pamoja, isije ikaua seli yenye afya.

Mama akauliza, "Sikio na paja?"

Ikabidi nimweleze daktari tunavyowatambua ng'ombe wetu, kwa sikio lililokatwa ncha na chapa ya pajani. Akacheka, kisha akasema taratibu kuwa tiba hiyo huku bado.

Jioni, alipomaliza supu ya sato, mama akasema, "Mwambie Ghati yule ndama aliyezaliwa juzi asikatwe sikio. Nitamkata mwenyewe nikirudi."

Basi msimguse, dada.

Mdogo wako anayewakumbuka,
Rhobi