Nilifue Koti la Meneja au Nisilifue?

Mpendwa Mama Mshauri,

Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana mwanzo wa habari yangu ni mzuri, uharibifu unakuja baadaye. Mimi ni mama wa makamo, namcha Mungu, shule niliishia darasa la saba lakini kazi ya kufua naijua, nimeifanya miaka kumi na tisa kwenye dobi ya hospitali mpaka walipoamua kuipa kampuni ya nje kazi ile, tukarudishwa nyumbani sote, nikakaa miezi minane nikifua nguo za watu wa nyumbani kwangu tu, ambao hawana nguo nyingi. Mume wangu ni fundi rangi na goti lake halimruhusu tena kupanda ngazi, anapaka ukuta mpaka pale mkono unapofika, na wateja siku hizi wanataka na juu pia. Kwa hiyo niliposikia hoteli fulani inatafuta msimamizi wa dobi nilifunga siku tatu kwa maombi, nikaenda.

Nyuma ya meza walikaa watatu, Meneja mwenyewe, dada wa utumishi na mzee wa stoo. Waliniuliza habari za madoa ya damu na ya mafuta, nikawajibu mpaka mzee wa stoo akaanza kuandika dawa ya madoa ya nyumbani kwake. Ndipo Meneja akaegemea kiti akasema sasa anataka kupima akili na maadili. Akasema mgeni ameleta koti lifuliwe, mfukoni umekuta barua ya mapenzi isiyotoka kwa mkewe, na mkewe huyo hapo amesimama kaunta anasubiri koti, utafanyaje?

Mama, swali lile lilikuwa mtego. Nikawaza, nikimpa mke nimevunja nyumba ya watu, nikimpa mume kwa siri nimekuwa mwenzake, nikiichana nimeharibu mali ya mteja, na nikiisoma ndiyo kabisa. Nikaomba kimoyomoyo. Jibu sijui lilitoka wapi, nilisikia tu mdomo wangu unasema, "Ningelifua koti pamoja na barua yake. Sijasoma, sijaficha, sijampa mtu. Mengine ni ya maji na sabuni."

Walicheka, mzee wa stoo akavua miwani akajifuta macho, Meneja akapiga meza akasema hilo ndilo jibu alilokuwa analitafuta tangu asubuhi, kwamba wenzangu waliotangulia mmoja alimpa mke na mwingine alimpa mume, hakuna aliyefikiria maji. Dada wa utumishi peke yake hakucheka sana. Akaniuliza kwa upole, "Kwa hiyo mama, kawaida yako huangalii mifuko kabla ya kufua?"

Hapo ndipo nilipopotea. Kile kicheko chao kilikuwa kimeshanipanda kichwani, nikasema, "Mungu ni shahidi wangu, dada, mkono wangu hauingii mfukoni mwa mtu."

Uongo mtupu. Dobi yeyote anayejiheshimu anaanza na mifuko. Miaka kumi na tisa sijawahi kutia nguo majini bila kugeuza mfuko nje, nimetoa mikasi, kalamu, vipima joto, na siku moja meno ya bandia ya daktari mzima, aliyekuwa anayatafuta tangu juzi huku akiongea na wagonjwa kwa kuandika. Na mimi nimemwita Mungu aje anishuhudie kwamba sifanyi hivyo.

Kazi nikapata. Siku ya kwanza Meneja akanitambulisha kwa wasichana sita wa dobi, akawasimulia lile jibu langu lote, akamalizia kwamba kuanzia leo mifuko haiguswi, huo ndio uaminifu. Ningesema nini? Wiki ile ile kalamu ilipasuka ndani ya mashine, foronya ishirini na mbili zikatoka za bluu. Ikafuata bazoka ya kutafuna, ikashika vitambaa vya meza kama gundi ya fundi viatu. Ikaja rangi ya mdomo, hiyo sitaki hata kuielezea. Kila kikiharibika kitu wasichana wananitazama wanasema, "Mengine ni ya maji na sabuni, mama," halafu wanainama nyuma ya mapipa kucheka. Mume wangu naye nilipomwambia akasema hata yeye ataanza kupaka rangi bila kubandua ile ya zamani, ataita uaminifu.

Haya yote ningeyameza. Sasa Meneja ameanza kuniletea koti lake mwenyewe. Ni koti la kitani, rangi ya maziwa, vifungo vya mfupa, cha pili kutoka juu kimelegea. Kila Ijumaa analileta kwa mkono wake, hamtumi mtu, analigonga mfuko wa ndani kidogo hivi na kusema, "Wewe tunaelewana, mama." Nami nalifua, na kila wiki mfukoni inatoka kitu kama uji wa karatasi.

Na mkewe, Mama Mshauri, tunasali kikundi kimoja. Ananiita dada, namwita wifi, kwa mazoea tu, ni mtu mpole mno. Jumatano iliyopita baada ya sala alinivuta pembeni akaniambia makoti ya mumewe siku hizi yananukia sabuni mpaka ndani ya mfuko, na mtu huyu zamani alikuwa anavaa koti mwezi mzima mpaka linasimama lenyewe. Akanishika mkono. "Dada yangu, wewe ndiye unayefua pale. Hujaona chochote?"

Nikamwambia sijaona. Na ni kweli sijaona, kwa sababu siangalii. Lakini ulimi ulikuwa mzito kama shuka mbichi, na tangu siku hiyo wakisema tufumbe macho tuombe mimi nafumbua.

Ijumaa hii koti limekuja tena, na nilipolipokea karatasi ikalia ndani. Sijalifua. Leo ni siku ya tatu limetundikwa msumarini nyuma ya mlango wa ofisi yangu, kila nikiinua macho linanitazama. Nikilifua naona nimemsaidia mtu kumdhulumu wifi yangu. Nikilikagua nimevunja neno nililopatia kazi. Nikisema ukweli wa usaili nafukuzwa, na mwanangu wa mwisho ndiyo kwanza ameanza chuo cha uuguzi. Naomba uniambie, nilifue au nisilifue?

Ni mimi,
Msimamizi wa Dobi, mwenye koti msumarini

*

Msimamizi, dada yangu,

Pole. Nimekucheka kwanza, ndipo nikakuonea huruma, na sasa nitakukaripia, kwa hiyo kaa chini.

Jibu lako la usaili lilikuwa la akili. Mtu akiwekewa milango minne yote mibovu, akatafuta dirisha, huyo anafaa kuajiriwa. Lakini dirisha ni la kutokea, dada, halijengewi baraza ukakaa hapo kila siku. Wewe ulibanwa na swali la kubuni, ukalijibu, ukapata kazi. Baadaye ukakubali mzaha wa dakika mbili ugeuzwe sheria ya dobi nzima, kwa sababu ulipenda walivyocheka. Foronya ishirini na mbili si za shetani, ni zako.

Halafu kumwita Mungu shahidi wa mifuko. Mtu aliyefunga siku tatu kwa ajili ya kazi anamalizia kwa kumwapia Mwenyezi Mungu mambo ya kalamu na mikasi. Hilo wewe mwenyewe unajua pa kulipeleka, na mimi sitaliongeza uzito. Ila kuna mtu uliyemdanganya ana kwa ana, naye ni dada wa utumishi. Kesho asubuhi, kabla ya chai, nenda mlangoni kwake umwambie, "Uliniuliza kama naangalia mifuko, nikasema siangalii. Nimeangalia miaka kumi na tisa, na tangu niache tunaharibu vitambaa." Ishia hapo. Usilie, usimsimulie habari za goti la mume wako. Unaogopa utafukuzwa. Inaweza kutokea, sikufichi. Lakini yule dada hakucheka sana wenzake walipocheka, na aliuliza swali la mtu anayejua kufua. Nadhani anasubiri umwambie.

Sasa koti. Unaniuliza ulifue au usilifue, na hapo ndipo unapokosea, kama alivyokosea Meneja alipotunga swali lake. Nyote mnaanzia pale barua ikiwa imeshafika mikononi mwako. Imefikaje? Nguo inapokelewa kaunta. Rudi nyuma hatua moja tu. Weka sinia pale kaunta na tangazo la maandishi makubwa, kwamba hapa nguo haipokelewi ikiwa na kitu mfukoni, mwenye nguo atoe mwenyewe mbele ya mpokeaji. Akishatoa, msichana wako ageuze mfuko nje, wote wawili waone ni mtupu, ndipo nguo iingie ndani. Huna haja ya kusoma, kuficha wala kumpa mtu kitu. Ungemjibu Meneja hivyo siku ile wasingecheka hata kidogo, na ungelala vizuri.

Sheria hiyo ianze na bosi. Litoe koti msumarini, usilibinye, usilitikise, usilisikilize tena, mpelekee ofisini kwake na hanga yake, mwambie, "Meneja, toa vitu vyako ndio nifue." Simama mlangoni ukitazama nje. Atakachotoa ni chake. Akikuambia mnaelewana, mjibu kwamba mnaelewana kuhusu madoa.

Nikuulize jambo, dada. Unajua rangi ya koti, vifungo, kipi kimelegea, na karatasi ilivyolia ndani. Mtu asiyeangalia ameona mengi. Karatasi kulia mfukoni si ushahidi wa kitu. Inaweza kuwa barua ya mapenzi, inaweza kuwa cheti cha daktari ambacho mtu mzima anaona aibu kukipeleka nyumbani. Hujui, na sehemu yako moja inafurahia kutojua, kwa kuwa inanoga. Acha.

Wifi yako hukumdanganya kwa neno, ulimdanganya kwa kujifumba macho makusudi, na ndiyo maana yanafumbuka wakati wa sala. Mtafute kabla ya Jumatano. Usimpe dhana zako, usimpe mambo ya uji wa karatasi, nyumba ya mtu haivunjwi kwa uji. Mwambie hivi: "Uliponiuliza nilikujibu haraka. Ukweli ni kwamba mfukoni nilikuwa siangalii, kwa hiyo kutoona kwangu kusikutulize wala kusikutishe. Linalokusumbua mwulize mwenye koti." Labda atakukasirikia. Mvumilie, mshike mkono kama alivyokushika, na akitaka kwenda kumwuliza siku hiyo hiyo, msindikize mpaka getini kwake, halafu wewe urudi kazini.