Wimbo wa Hatua na Nusu

Baraka, tarehe 3 Juni

Kwako yaya Anastasie, dada yangu mkubwa,

Natumaini karatasi hii inakukuta umesimama imara, wewe na shemeji, na Junior ambaye nasikia ameota meno ya mbele na anamng'ata kila anayembeba. Ile homa yako iliisha? Mihogo mliyopanda ng'ambo ya mto ilisalimika na mvua? Mimi sijambo. Kifua kilinisumbua wiki ya Pasaka, sasa kimetulia. Shuleni wameniongezea darasa la tano, watoto themanini na wawili, kwa hiyo ikifika jioni sauti yangu imekauka kama ya mtu aliyeshinda sokoni akiita wateja. Mama Pulchérie anakusalimu. Anasema wale samaki wadogo, ndakala, aliokutumia mara ya mwisho ulikula peke yako bila hata kutuma shukrani.

Najua siyo habari hizo unazozisubiri. Uliniandikia mistari miwili kwa mkono wa dereva wa fuso: je, ni kweli baba alianguka mbele ya watu siku ya kumaliza matanga ya mama, na kwa nini kila unayemuuliza anabadilisha mazungumzo? Namshukuru Mungu kwamba huko Kilembwe simu hazishiki vizuri. Kwenye simu ningekudanganya. Kalamu inanipa nafasi ya kurudi nyuma na kusoma nilichosema.

Daraja la njia ya kwenu lilipovunjika tukajua hutafika, familia ilikaa kupanga siku hiyo. Baba mdogo Bonaventure alisema orkesta ya kukodi hatuiwezi, basi tuimbe nyimbo za kanisa, tule, kila mtu aende kwake. Nikasema muziki niachieni mimi. Nilisema mama aliishi na watu, kwa hiyo watu wenyewe watampigia: mwenye chombo aje nacho, asiye nacho aje na sufuria. Wote walifurahi. Baba mdogo alisema kumbe masomo yamenifaa kitu.

Nilizunguka Baraka wiki tatu. Nilimpata Déogratias, yule ambaye baba alimfundisha gitaa tangu vidole vyake havijafika mwisho wa shingo ya gitaa. Nilimpata Darius wa kwaya ya parokia, mwenye ngoma tatu na piano ya betri ambayo noti mbili hazilii. Mama Pulchérie akaahidi kuleta wamama wenzake wauza ndakala na mabidoni yao ya maji na vifuniko vya sufuria. Wote niliwaambia kwamba hakuna mpango, kila mmoja ataingia akisikia moyo wake unamwita. Lakini mpango ulikuwepo, yaya. Niliuandika kwenye daftari, wimbo kwa wimbo, na wimbo wa saba niliupigia mstari.

Desturi ya avenue yetu unaijua kuliko mimi, lakini acha niiandike, nisije nikajificha nyuma yake. Wimbo unaomtaja mtu, mtu huyo ndiye mwenye wimbo. Ukipigwa, anaingia katikati na kuucheza, hata kama unamcheka. Akikataa, amewatukana wapigaji. Na mwenye wimbo akifa, siku ya kumaliza matanga yake anasimama aliyelala naye kitanda kimoja, anaucheza kwa niaba yake mara ya mwisho.

Wimbo wa mama unaujua. Baraka nzima inaujua. *Hatua na nusu, Marie amefika. Ninyi wa hatua mbili mko wapi?* Na lile gitaa la baba linalokanyaga, linavuta, linakanyaga, linavuta, mpaka watu wote uwanjani wanachechemea kama mama. Harusi ngapi tulimwona akiitwa katikati na nyonga yake mbovu? Alicheza akicheka, na watu nyuma yake wakiburuta mguu kwa kumwiga, na baba juu ya kiti akipiga, meno nje. Wewe ulikuwa unacheza naye. Mimi nilikuwa nahesabu ni mara ngapi wimbo utarudiwa kabla hawajamwachia akae.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Nikiwa mwaka wa pili wa sekondari, mama alikuja shuleni kuniletea daftari nililosahau. Alipokuwa anakatisha uwanja, wanafunzi walianza kupiga wimbo huo kwa viganja juu ya madawati, kufuata mguu wake. Naye akasimama, akawachezea kidogo, akacheka. Msichana wa Lusenda niliyekaa naye aliniuliza kama yule ni mama yangu. Nikamwambia ni jirani. Mama aliacha daftari kwa mlinzi na kurudi. Sikujua kama alisikia. Tangu siku hiyo nilimchukia baba kwa ule wimbo, na chuki ile niliitunza vizuri kama watu wanavyotunza nguo ya Krismasi.

Sasa ujue baba yuko namna gani, maana hukumwona tangu mazishi. Miezi mitatu baada ya kumzika mama, alipooza upande wa kushoto. Mdomo ulirudi mahali pake, mkono haukurudi. Vidole vile ambavyo watu wa Uvira walikuwa wanakuja kuvitazama, sasa havifungi hata kitasa. Na mguu anauvuta. Anatembea hatua na nusu, yaya. Watu wa avenue hawalisemi, lakini hakuna asiyeliona.

Tena, tangu mama afe, amekuwa na swali moja. Unakumbuka usiku ule mama alipokufa, baba alikuwa Lusenda, akipiga kwenye harusi. Alifika hospitali asubuhi, gitaa mgongoni, vumbi kwenye nyusi, mama akiwa ameshafunikwa. Aliniuliza pale mlangoni kama mama yetu hakumwachia neno. Nikajibu hapana. Ameniuliza tena kila Jumapili baada ya misa, mwaka mzima, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa ngapi. Nami nimejibu hapana.

Siku ilifika, Jumamosi, saa nane mchana. Tulifunga maturubai uwani, watu wakajaa mpaka barabarani. Mwanzo ulikuwa mzuri na sitaki kuusingizia. Vijana wa Darius walianza kwa woga, Mama Pulchérie akawauliza, "Muko nabapigia watu ngoma ao nabisha mulango?" Darius akamjibu, "Mama, fungua basi, tuingie." Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichowasha muziki. Mzee mmoja alileta likembe, kile kisanduku cha vyuma kinachopigwa kwa vidole gumba, hakuna aliyejua kama kinapatana na piano, wakatafutana polepole mpaka wakapatana. Wamama wa ndakala walipiga mabidoni kwa namna ambayo ungeapa wamefanya mazoezi. Kama ningefunga daftari baada ya wimbo wa sita, leo ungesikia watu wanasema matanga ya Marie yalifana kuliko harusi za watu.

Nilimwendea Déogratias na kumwambia wimbo unaofuata. Akainama sikioni kwangu: "Aline, ule tuache. Muzee hana muguu." Nikamwambia desturi ni desturi, na mwenye kilio ni mimi. Nani atamkatalia mtoto wa marehemu? Akaanza. Kukanyaga, kuvuta.

Baba alisimama. Alivua kofia, akaacha fimbo imeegemea kiti, akaingia katikati. Mtu mmoja akapaza sauti kwamba leo wimbo umerudi kwa fundi wake. Vijana wa avenue nyingine, wasiojua habari ya ugonjwa, walidhani anamwiga mama. Wakapiga makofi: "Muzee anajua! Angalia muguu! Anafanya kweli kabisa!" Wakajipanga nyuma yake, ishirini, thelathini, wote wakiburuta mguu wa kushoto. Waliojua nao wakacheka, kwa sababu kicheko cha watu wengi hakikuulizi unajua nini. Baba akacheka pia. Alicheka kabisa kama mama alivyokuwa anacheka, na mimi nilisimama kando ya ngoma nikiwa na daftari mkononi, nikajisikia vizuri. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kwa muda wa mizunguko miwili nilijisikia vizuri sana.

Mzunguko wa nne alianguka. Alianguka ubavu, kama gunia lililopaswa kushushwa na watu wawili likashushwa na mmoja. Vifuniko vikanyamaza, gitaa likanyamaza. Piano ya betri iliendelea kujipiga yenyewe, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuizima, na kwa sauti ile ya kijinga tulimwona baba akitafuta mkono wa kujiinulia na kuukosa. Mama Pulchérie ndiye aliyemkalisha. Baba akapangusa mchanga mdomoni na kumwuliza, "Marie alikuwa anaweza namna gani hivi, miaka yote?" Watu wakacheka tena, kwa nafuu, wakadhani ni mzaha. Aliendelea kumtazama Mama Pulchérie akingoja jibu.

Nyonga haikuvunjika. Imevimba tu. Lakini tangu siku hiyo hatoki. Vijana wanapita nje ya ua wakigonga ukuta: kukanyaga, kuvuta. Hawana ubaya, wanadhani wanamsifu. Gitaa amempa Déogratias. Baba mdogo ameamua aje kukaa kwako, nami nilikubali haraka kuliko ilivyofaa.

Sasa sehemu ambayo kalamu ilikuwa inaizunguka.

Mama aliacha neno kwa baba. Usiku ule, kabla ya kuacha kusema, aliniambia: "Mwambie Nicolas anipigie wimbo wangu siku ya kumaliza matanga, lakini polepole, kama kule Lugufu. Asiimbe. Apige tu, nitajua pa kuweka mguu." Nilimwuliza Lugufu kulikuwa na nini. Akanieleza kwa pumzi fupi fupi. Wakati wa kukimbia vita kuvuka ziwa, aliangukia ukingo wa mtumbwi, nyonga ikapasuka. Lugufu, kambini kwa wakimbizi, waliambiwa hatatembea tena. Wewe ulikuwa na miaka mitatu, mimi bado sijazaliwa. Baba aliazima gitaa lenye nyuzi nne. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda mbele ya hema, akapiga noti moja kwa mguu mzima, na nusu kwa mguu mbovu, na hakupiga noti nyingine mpaka mama ameweka mguu chini. Miezi saba. Siku mama alipofika bombani kabla ya wanawake wengine, aligeuka nyuma akawaimbia, *ninyi wa hatua mbili mko wapi?* Maneno ni yake, yaya. Baba alitoa mwendo, maneno alitunga mama. Ulikuwa wimbo wa kuringa.

Akaniambia na jambo moja zaidi. Kwamba siku ile shuleni alisikia, na kwamba hakuona ubaya, mtoto wa sekondari ana aibu zake.

Ungetegemea nimfuate baba mlangoni asubuhi ile nimpe neno lake. Sikuweza. Kama wimbo ule haukuwa ukatili wa baba, basi katika uwanja ule wa shule mkatili alikuwa mmoja tu. Nikaona afadhali baba abaki na kosa lake na mimi nibaki na langu. Kwa miezi mitatu vidole vyake vilikuwa vizima, angeweza kumpigia mama hata kaburini. Nilikaa kimya mpaka vidole vikafa.

Bado sijamaliza. Katika mzunguko wa tatu, baba aliinua mkono wa kulia, kiganja chini, akiwaomba wapigaji wapunguze. Hakuwa amechoka. Nilimwona usoni. Alikuwa anautafuta ule mwendo wa Lugufu mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Darius alinitazama aone nasema nini. Nikainua daftari juu mara mbili, ishara niliyopatana naye asubuhi ile, ya kuongeza kasi. Wakaongeza.

Hivyo ndivyo alivyoanguka. Wengine hawajui. Darius anadhani sikuona ule mkono.

Baba anaondoka Alhamisi na fuso ya mihogo, atakufikia Ijumaa njia ikiruhusu. Nimemfungia mashati matatu, dawa ya presha ya mwezi mmoja, na ndakala wa Mama Pulchérie, ambao safari hii ushukuru. Usimpe chumvi nyingi. Asilalie ubavu wa kushoto. Barua hii anakuletea yeye, mfukoni mwa koti. Sikuifunga bahasha. Unamjua baba, tangu zamani barua isiyofungwa haikupita mikononi mwake bila kuchunguliwa, na mimi ndiye niliyekuwa nalalamika kuliko wote. Ndani ya bahasha hiyo hiyo nimeweka kipande cha gundi.

Ukiipokea ikiwa wazi, basi hakusoma. Mkalishe, umsomee maneno ya mama peke yake, yanayoanzia pale pa kusema "Mwambie Nicolas", na uishie kwenye "pa kuweka mguu". Mengine yaweke. Lakini ukiipokea imefungwa, ujue ni yeye aliyeifunga. Usimwulize kitu. Mwandalie kigoda mlangoni, mwache akae.

Msalimie shemeji, mbusu Junior, wasalimie wote wa Kilembwe wanaouliza habari zangu. Waambie niko, nafundisha. Wewe huna deni la kunijibu.

Mdogo wako,
Aline