Doa Lililogoma Katikati ya Jua

Tarehe 4 Machi

Mwanangu,

Mimi nina miaka sabini na sita. Nimewazika mabosi watatu, nimezichosha mashine nne za kuchomelea, na yule daktari aliyesema moshi wa vyuma hautanifikisha sitini, jeneza lake nililibeba mwenyewe. Kwa hiyo usidhani kimya chako kitaniua.

Salamu. Mimi mzima kama reli. Mama yako ni magoti tu, yeye anasema ni baridi, mimi nasema ni uvivu. Wewe hujambo? Na huko kituoni mnakotazama nyota, hamjambo?

Najua umenuna kwa ile barua niliyompelekea mkuu wako. Sasa ulitaka nifanyeje? Miaka minane nawachorea madoa ya jua kila asubuhi, kwa darubini uliyoniletea mwenyewe, na hujawahi kunirudishia mchoro hata mmoja. Tangu Januari nimegundua doa la katikati. Kila nikichungulia lipo pale pale, nene kama kichwa cha msumari. Nyinyi na mitambo yenu ya huko angani hamlioni! Nimekuambia mara mbili, unaniambia nirudie. Nirudie, mimi? Ndipo nikamwandikia mkubwa wako kwamba binti yangu ananifichia ugunduzi wangu.

Hilo neno "ananifichia" pengine lilizidi. Kidogo tu. Lakini mtaani nimeshatangaza, fundi viatu ananiita Mwenye Jua, siwezi kurudi kinyumenyume.

Jibu.

Baba yako

*

Tarehe 15 Machi

Baba,

Shikamoo. Mpe Mama pole ya magoti, na usimwite mvivu. Mimi nipo, nafanya kazi, usingizi ndio haba.

Sikununa. Niliona aibu, ndiyo maana sikuandika. Mkuu alisoma barua yako mkutanoni kwa sauti, mpaka pale unaposema umeona moto mwingi kuliko sisi sote. Watu wakacheka. Nami nikacheka, Baba. Nilicheka wasije wakajua kwamba imeniingia. Tangu siku ile kicheko changu kinanichukiza mwenyewe.

Sasa nisikilize. Jua linajizungusha. Doa likitokea ukingo mmoja, linavuka, na baada ya wiki mbili hivi linapotelea ukingo wa pili. Doa linalokaa katikati tangu Januari bila kusogea haliko kwenye jua.

Na kuna kubwa zaidi. Watu wamechora madoa hayo kwa mkono kwa miaka mia nne. Ili kuziunganisha hesabu zao na picha za leo, tunahitaji jicho la mtu kama wao, na katika utafiti wangu jicho hilo ni lako. Hata wenzangu wanaotafuta madoa kwenye nyota za mbali, ambazo darubini kubwa kabisa inaziona kama nukta tu, wanaanzia kwenye jua letu hili. Mkuu anasema mchoraji akianza kukosea na haijulikani ni tangu lini, michoro yake yote inatupwa. Miaka minane yote, na utafiti wangu pamoja nayo. Amenipa mpaka katikati ya Mei nijue ni tangu lini.

Niambie kweli: kuna kitu umekibadilisha? Kile kioo cheusi cha mbele ya darubini kiko salama? Halafu fanya hivi. Funga jicho la kushoto, tazama kalenda ukutani kwa hilo la kulia unalochungulia nalo. Uniambie unaona nini.

Mwanao

*

Tarehe 22 Machi

Binti,

Salamu zimefika. Huku wazima.

Mimi sipimwi macho na mtu niliyemfundisha kufunga vifungo vya shati. Sijabadilisha kitu. Kioo chenu ni kisafi kuliko ulivyokileta, nimekisugua mpaka kikatakata, na jua sasa linaonekana jua, si lile la zamani kama limefunikwa blanketi. Badala ya asante napewa mtihani wa kalenda.

Huyo mkuu kama anatupa, atupe. Mimi nilikuwepo kabla ya kituo chenu kujengwa.

Baba yako

*

Tarehe 25 Machi

Baba,

Shikamoo. Umekisugua kwa kitu gani? Ule weusi haukuwa uchafu, ndio ulinzi wenyewe! Nakuomba usichungulie tena, hata kwa sekunde moja. Simu hupokei. Nenda kwa daktari wa macho leo. Achana na utafiti, mimi nataka jicho lako.

Mwanao

*

Tarehe 11 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mama anasema darubini umeifunika gunia na hutaki kuulizwa, na kwamba unashinda karakanani umegeukia ukuta. Michoro sikuulizi tena. Niandikie tu kwamba upo.

Mwanao

*

Tarehe 27 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Nipo. Hujambo? Safari hii nauliza nikiwa nataka jibu. Usishangae herufi kubwa na mistari inayopanda mlima.

Mtihani wako wa kalenda sikuufanya, nilikataa katakata. Ila siku ya pili baada ya ile barua yako ya kunikataza kuchungulia nilishika bomba la chuma nione kama limenyooka. Unajua tunavyofanya, unafumba la kushoto, unalenga kwa la kulia. Ncha ya bomba haikuwepo. Nikalitupa, nikamtukana aliyeniuzia. Mama yako akaja mlangoni na kikombe cha maji kuuliza kelele ni za nini, nikamgeukia jicho moja bado nimelifumba. Niliona kilemba chake, nikaona masikio, nikaona kikombe. Uso hakuna. Lile doa langu, lile lile nililolichora tangu Januari, lilikuwa limekaa puani kwa mama yako.

Akaniuliza, "Unaniangalia nini?"

Nikasema, "Nakuangalia tu."

"Miaka arobaini na tano hujaniangalia hivyo. Unataka nini?"

Nikifumbua yote mawili ananirudia mzima, ndiyo maana sikujua mapema. Nikageukia ukuta kama ulivyoambiwa. Nilikuwa najificha, mwanangu. Hata fundi viatu akipita na kuita "Mwenye Jua!" nilikuwa nainama chini ya meza kama mwizi.

Wiki iliyopita mama yako alinishika mkono hadi kwa daktari wa macho. Kijana mdogo, ananiita babu. Anasema jicho la kulia limeungua ndani na halitarudi kama zamani. La kushoto ni zima.

Kuhusu kucheka, umecheka, basi. Fundi viatu naye amecheka, na yule sikumlea. Lililonilaza macho ni lile neno langu, "ananifichia". Nilikupaka matope mbele ya watu wako kwa kosa la mkono wangu.

Haya yanayofuata msomee mkuu wako. Mkutanoni, kwa sauti, kama alivyosoma ile ya kwanza.

Mimi, fundi wa kuchomelea, nilikisugua kioo cha darubini kwa dawa ya kung'arishia shaba siku niliyomaliza geti la shule, tarehe 19 Oktoba. Michoro ya kabla ya siku hiyo imechorwa na jicho zima, msiitupe. Ya baada ya hapo itupeni yote. Doa la katikati ni la jicho langu, jua halimo. Binti yangu hakunificha kitu.

Wa kuulizwa wapo. Muulizeni fundi viatu, ndiye aliyeniazima kopo la dawa akasema, "Mzee, hiyo ni ya shaba, si ya kioo," nami nikamwambia ashone viatu vyake. Muulizeni mke wangu, aliyelirudisha kopo jioni ile ile. Muulizeni daktari. Na kama hao wote hawatoshi, mkuu aje mwenyewe hadi getini, ainame pale chini karibu na bawaba. Kila kazi yangu naichomelea tarehe, kwa majivuno yangu, na ile haifutiki.

Baba yako