Picha ya Mama Huchelewa

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko ugenini? Mimi mzima, ila goti linanisumbua nikikanyaga cherehani. Ule ukurasa wa duka uliotutengenezea naufungua kila asubuhi. Kwanza simu inakuwa nyeupe pe. Kisha maneno, yamerundikana kama mabaki ya vitambaa. Kisha yanajipanga. Mama yako ndiye wa mwisho, anatokea kidogo kidogo kuanzia juu: kilemba, macho, mkasi mkononi. Mbona yeye anachelewa?

Baba yako

11 Machi

Shikamoo Baba,

Pole na goti. Kivinjari cha simu hakipewi ukurasa ulioshonwa tayari. Kinaiomba seva, ile kompyuta ya mbali inayoutunza, nayo inakitumia maandishi tu, kama karatasi ya vipimo. Kinayasoma toka juu, kinapima kila kitu kikae wapi, ndipo kinachora. Picha haimo humo. Mna anwani yake tu, kwa hiyo kinatuma ombi jingine kuifuata. Nayo ni nzito, na mtandao wa hapo unajikokota. Nitaipunguza uzito, Mama aje upesi.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Nashukuru kwa salamu, nami sijambo. Tafadhali usimguse. Tangu uondoke baada ya msiba wake, humu ndani sina mtu wa kumngojea. Namimina chai, nangoja, anakuja. Ndipo nafungua duka.

Wewe utakuja lini?

Baba yako

2 Julai

Shikamoo Baba,

U hali gani? Uliniuliza nitakuja lini, na sasa ni Julai.

Hapa ukurasa wetu hufunguka kufumba na kufumbua, na mimi huangalia kama mistari imenyooka, basi. Jana kazini nilipunguza kusudi kasi ya mtandao wa kompyuta yangu, uende kama wa kwako. Maneno yakaja. Nikangoja. Kilemba kilipoanza kuonekana nikaangua kilio mbele za watu. Mwenzangu wa meza ya pili akauliza, "Vipi, kompyuta imekufa?"

Nikamwambia, "Hapana. Mama."

Nikanawa uso, nikaenda kwa bosi kuomba ruhusa. Nafika Jumamosi ijayo.

Mwanao

5 Julai

Mwanangu,

Kitanda chako nilikuwa nimekigeuza stoo. Nimetoa majora yote, nimetandika. Jirani kaniuliza kulikoni nafagia huku naimba, nikamwambia afagie kwake.

Usihangaike na zawadi. Wala ukifika usipige hodi. Hodi ni ya wageni.

Baba yako