Mpini wa Wembe wa Baba Rose

Jumatatu, 5 Agosti 1974. Lodwar.
Msasa tangu asubuhi. Mpini ule ule wa mgunga. Nikipaka nta, upepo unaleta mchanga, naanza upya. Baba Rose ameurudisha mara ya tatu. Kwanza unateleza. Nikaukwaruza. Halafu mnene. Nikaupunguza. Leo eti mwembamba! Mchagua jembe si mkulima. Miaka yote hii mipini ya nyembe zake natengeneza mimi, hajawahi kulalamika. Mume wangu amenichosha.

Jumanne, 6 Agosti.
Baba Rose amemkata mteja sikio akimnyoa. Si mkwaruzo, ni kidonda. Akawaambia wote kibandani kwamba ni mpini wa mke wake. Nami nimesimama pale pale na chai yake mkononi! Nikaiweka chai, nikaondoka. Nilifika nyumbani nikatupa msasa ukutani. Baadaye nikauokota, kazi ni kazi.

Alhamisi, 8 Agosti.
Kumbe si mpini.
Alidhani niko nje. Kikombe amekishika kwa mikono miwili na chai bado inamwagika. Mkono wa kulia unatetemeka wenyewe. Akaniona, akakiweka chini.  Nikapangusa chai iliyomwagika. Hasira yote imeniisha, nimebaki na woga. Jumamosi anakwenda Kakuma kumnyoa mwalimu Ekai ndevu, asubuhi ya harusi yake. Shingo ya mtoto wa watu!

Ijumaa, 9 Agosti. Kakuma.
Tumekuja na lori, vumbi mpaka masikioni. Njiani nimemsihi aseme anaumwa. Akasema, "Mama Rose, usinizike nikiwa hai." Nikamwomba Mungu lori liharibike. Halikuharibika.

Jumamosi, 10 Agosti.
Niandike upesi kabla sijalia.
Uani watu wamejaa, wanasalimiana, ejok huku, ejok kule. Ekai ameketi, kichwa amekilaza nyuma, povu tayari. Mama yake kando. Baba Rose akafungua wembe. Makali yakawa yanacheza juu ya koo. Nikapiga kelele.
"Ngoja! Mpini umelegea! Nimeufunga vibaya."
Uongo mtupu. Sijawahi kutengeneza mpini mzuri kama ule. Mzee mmoja aliyetoka Lodwar akacheka, akasema ndiyo maana lile sikio. Iliniuma, nikaimeza. Nikasema nitamnyoa mwenyewe, mimi najua pa kuushika. Wanaume wakaguna. Mama Ekai akawageukia.
"Kwani kichwa chake utotoni alikuwa akikinyoa nani? Si mimi? Nyoa, mama."
Baba Rose akanipa wembe. Vidole vyake baridi. Hakuniangalia.
Nilimnyoa Ekai mpaka mwisho. Halikutoka hata tone la damu. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika.

Jumapili, 11 Agosti.
Safari ya kurudi. Amenipa mgongo njia nzima. Nauchukia mgongo ule.

Jumatatu, 12 Agosti. Lodwar.
Tumefungua kibanda pamoja. Nilifagia, yeye akachota maji. Halafu akaketi kwenye kiti cha wateja, akainua kidevu, akafumba macho. Nikampaka povu. Nilikuwa kwenye shavu la pili karani mmoja alipochungulia mlangoni, akauliza kama kinyozi yupo.
Baba Rose hakufumbua macho.
"Subiri kidogo," akamwambia. "Fundi ana mteja."