Mabango Yako Yamependeza, Kaka

Kaka yangu mpendwa, Mheshimiwa,

Salamu nyingi zikufikie huko makao makuu mlikoitwa na chama. Natumaini hoteli wamekupa godoro gumu, maana najua mgongo wako, na kwamba unameza dawa ya presha baada ya kula kama daktari alivyokuagiza. Sisi huku ni wazima. Mama miguu inamuuma asubuhi, ila ikifika saa nne anatembea na kugombana na kila mtu, kwa hiyo hatuna wasiwasi naye. Anauliza kama umekumbuka kubeba sweta. Nikamwambia mwanao ana mvi kichwani. Akasema hajaniuliza habari za mvi.

Barua hii nimempa dereva wa basi akukabidhi mkononi. Ningepiga simu, lakini simu yako siku hizi inapokelewa na msaidizi anayeniuliza mimi ni nani na nina shida gani. Mimi, niliyekuwa nakufungia kamba za viatu vya Baba ulipokuwa unapanda juu ya kreti na kutuhutubia mimi na kuku! Jina la Mheshimiwa ulilipata pale, kabla chama hakijakujua. Haya, yamepita. Halafu mambo mengine yanafaa mtu ayasome akiwa amekaa.

Huku joto limezidi. Redioni wanasema mvua iko njiani na wiki hii haipiti bila kunyesha. Watu wanaingojea kwa hamu, mimi zaidi.

Habari ya benki unaijua, lakini naomba uisikie tena tangu mwanzo, kwa sababu kuna sehemu sikukusimulia. Walipotangaza kwamba wodi ya wazazi pale hospitalini inafungwa, na jengo lake anapewa mfanyabiashara aligeuze maegesho ya magari, wanawake wa mtaa huu waliamua kuandamana. Wakaja karakana kwangu kuchapisha mabango, nikawachapia. Mimi ni mchapaji, Kaka. Mwenye harusi akija namchapia, mwenye msiba namchapia, na mwenye hasira namchapia vilevile. Ila sitakudanganya, kazi ile niliifanya kwa moyo. Mimi na wewe tulizaliwa wodi ile ile, na Mama mpaka leo anasimulia kitanda cha dirishani alipokuzaa wewe, alivyong'ata shuka mpaka likachanika.

Baada ya maandamano nilikwenda kutoa hela ya karatasi. Mashine ikaimeza kadi yangu, haikuitema. Nikaingia ndani. Msichana wa dirishani akatazama kompyuta yake, akaacha kutabasamu, akanielekeza kwa meneja wa tawi. Ofisi ile ina baridi ya kuhifadhia nyama, maua ya plastiki yenye vumbi, na kiti cha mgeni kilicho kifupi kuliko meza, mtu ukikaa unaongea na kalenda. Meneja akaniambia, tena kwa upole kama anayetoa pole, kwamba benki imeipitia akaunti ya karakana na imeamua kuifunga. Nikamuuliza kosa langu ni nini. Sina mkopo, sina kesi, hela zangu ni za shule na kadi za harusi. Akasema hapa hakuna kosa, kuna maadili, na benki yao haipendi kuhusishwa na wateja wanaochochea watu. Akiba yangu nitaandikiwa hundi. Nikamuuliza hundi nitaipeleka wapi, chini ya godoro? Akasema hilo ni juu yangu.

Mimi nikabisha, nikasema nimechapa maneno ya watu wanaodai wodi yao, uchochezi uko wapi hapo? Ndipo akatamka sentensi moja, akaniambia huu ndio uchochezi. Kaka, niliposikia sentensi ile niliacha kubisha, nikainuka. Nitaifikia, usiwe na haraka.

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka, lakini yule aliniambia, na mlinzi akanisindikiza hadi barabarani kana kwamba nimeiba ile kalamu yao iliyofungwa kamba.

Benki ya pili ilinikataa kabla sijakaa. Ya tatu ilitaka nikalete barua ya tabia njema kutoka kwa wale wale walionifukuza. Shule zinalipa kwa njia ya benki tu, kwa hiyo mitihani yao ikahamia kwa mchapaji mwingine. Mwenye karatasi naye akasema mteja asiye na akaunti anamtia mashaka. Nikabaki na mihuri na vitambulisho vya timu ya mpira. Ikanibidi nimsimamishe kazi Mama Pacha, mkata karatasi wetu, aliyeajiriwa na Baba mwenyewe. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya mtambo, akaniambia hana kinyongo nami. Afadhali angenitukana! Mtambo wa Baba nimeufunika shuka, na kila nikiingia naona kama kuna mgonjwa mle ndani.

Utakumbuka nilikuapia jikoni kwa Mama kwamba kuna mtu amenichoma kwa meneja, na nitamjua, na nikimjua atanikoma. Mama alisema tusiapizane mbele ya chakula. Wewe uliniambia nimwachie Mungu. Mungu nimemwachia mengi, Kaka, hili nililibakiza mwenyewe.

Sasa nikupe habari njema. Mabango yako yamependeza, wee acha tu! Kila ukuta wa mtaa ni wewe. Uko sokoni, uko kituo cha basi, uko kwenye uzio wa hospitali kuanzia geti mpaka chumba cha maiti. Mbele ya benki uko mara nyingi kuliko popote, hiyo nilisimamia mwenyewe. Umevaa ile suti ya kijivu, umetabasamu, na chini yako jina lako kwa herufi nene na yale maneno uliyoyachagua: MTOTO WENU, MZALIWA WA HAPA. Wapinzani wako wana vikaratasi tu, ukitembea mtaani utadhani unagombea peke yako.

Na sijasahau fadhila yako. Karakana ilipokuwa inakata roho, ni wewe uliyekuja na kazi hii, ukanilipa taslimu, ukanishika bega, ukasema damu nzito kuliko maji. Nikaitikia. Nikakuambia nitachapa kwa mkono, kwa wavu wa kupitishia rangi na raba ya kuisukumia, kama Baba alivyotufundisha. Ulipokuja kuyaona yakikauka kwenye kamba ulipapasa moja, ukasema karatasi ina mikwaruzo kidogo. Nikakujibu kwamba karatasi nzito ndivyo ilivyo. Ukaridhika. Ungekuwa umewahi kushika raba ya wavu hata siku moja ungeuliza swali la pili, lakini wewe tangu utotoni ulikuwa unaukimbia wino usije ukachafua shati. Mtoto wa mchapaji asiyejua rangi! Baba alikuwa akisema hilo litakuja kukutokea puani, nami nikidhani anatania.

Haya, turudi kwa meneja. Sentensi aliyoitamka ni hii: ALIYEUZA WODI YA WAZAZI, YEYE HAKUZALIWA?

Unaikumbuka. Najua unaikumbuka, maana haikuwahi kutoka nje ya karakana. Kabla ya kuchapa mabango ya akina mama nilitoa nakala moja ya majaribio ya sentensi niliyoitunga mwenyewe, kama tunavyofanya kwa kila kazi, tuone herufi zimekaaje. Wafanyakazi walikuwa wametoka kula. Ukaingia wewe. Nikakuonyesha nikicheka, rangi ikiwa bado mbichi, na wewe ukacheka, halafu ukaniambia ni kali mno, itaniletea balaa, niitupe. Wewe ndiye mkubwa wangu. Nikaitia motoni mbele ya macho yako, nikaufuta wavu, akina mama nikawachapia maneno mengine ya adabu. Kwa hiyo duniani kulikuwa na watu wawili tu waliowahi kuisoma sentensi ile, mimi na wewe, na mimi sikumpelekea meneja.

Kikulacho ki nguoni mwako. Niliisema methali hiyo shuleni kama kasuku, sikujua inauma hivi.

Hata hivyo nilitaka nikupe nafasi, nikajiambia labda ulipitiwa na ulimi. Nikaenda kwa muuguzi mkuu wa wodi, yule anayekoroma akicheka, nikamuuliza kama kuna mkubwa yeyote aliwahi kuja kulikagua jengo kabla halijauzwa. Akasema alikuja mfanyabiashara mwenyewe, akiongozwa na kaka yako. Akasema ulitembea katikati ya vitanda umeziba pua kwa kitambaa, ukahesabu kwa mkono magari mangapi yataenea, na kitanda cha dirishani kilikuwa na mama mwenye uchungu. Hukumsalimu. Basi sikuhitaji tena kuuliza ni kwa nini sentensi ile ilikuchoma mpaka ukanichoma na mimi.

Kaka, kinachoniuma si benki. Benki ni ukuta, utaulaumu ukuta? Kinachoniuma ni kwamba ungekaa pale jikoni ukaniambia, mdogo wangu, unaniharibia, niachie nipite, mimi ningelia, ningekutukana, halafu ningekuachia. Nakuapia ningekuachia. Ulijua hivyo. Ukaona ni rahisi kumnong'oneza meneja, ukanikata mkono unaonilisha, ukamwondoa Mama Pacha kazini, kisha ukaja kunipa pole ukala na chakula changu. Ukashiba. Ukaomba maji ya kunawa.

Sasa nisikilize vizuri, na kama umesimama, kaa.

Rangi zetu ni za aina mbili. Ya mafuta ikishakauka haitoki mpaka karatasi ioze. Ya maji, ukiichanganya nzito bila gundi ya kuishika, inapendeza kama nyingine yoyote, inafunika chochote kilicho chini yake, na inangoja tone la kwanza. Kila bango lako nimelichapa mara mbili. Kwanza kwa mafuta: ile sentensi yetu juu, kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara, na chini yake jina lako na MZALIWA WA HAPA. Hiyo ndiyo mikwaruzo uliyoipapasa. Kisha juu ya sentensi nikakuweka wewe kwa rangi ya maji, suti, tabasamu na mbingu ya buluu nyuma yako. Wabandikaji niliwakataza gundi ya unga isije ikailowesha rangi, nikawapa misumari midogo, nikawaambia hivyo ndivyo mgombea anavyotaka, usafi.

Nililijaribu moja kwenye kamba ya nguo kwa kata ya maji. Yalianza kuondoka macho, kisha mashavu, suti ikachuruzika mpaka kwenye majani, na yale maneno yakatokea pole pole, na jina lako chini yake kama sahihi. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Halafu nikalia, ila kidogo tu, na nikarudi kuchapa.

Usijisumbue kuwatuma watu wakayang'oe. Yako juu mno na ni mengi mno, na usiku wa kuamkia mkutano wako wa kufunga kampeni, wakiingia mitaani na ngazi, watu watauliza mgombea anaficha nini. Mwosha huoshwa, Kaka. Hela uliyonilipa nimempa Mama Pacha yote. Sikubakiza hata ya sabuni ya kunawa rangi yako mikononi.

Jambo la mwisho. Mama aliomba bango moja alitundike chumbani kwake. Hilo nililichapa lote kwa rangi ya mafuta, wewe tu, bila neno la mtu mwingine chini yako. Amelitundika juu ya kitanda, analifuta vumbi kwa upande wa kanga yake, na jana nilimkuta akilikemea kwa kutobeba sweta. Sijamwambia kitu. Atakapouliza utamwambia wewe, kwa mdomo wako, maana mimi nimemaliza la kwangu. Ukitaka kuuona uso wako ukiwa mzima mtaa huu, utapiga hodi kwake, na nitakufungulia mlango mimi.

Msalimie mkeo na wanao. Mwambie dereva akupe na kifurushi nilichomkabidhi. Ni sweta, Mama amelazimisha. Utalihitaji. Ananiita sasa hivi tukaanue nguo, mawingu yamejaa upande wa hospitali na upepo umeshaanza kunuka udongo.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja, wodi moja,

Wino