Mke Wangu Ameomba Msamaha kwa Jina Langu

Rwezamenyo, Kigali
Alhamisi jioni, 1992

Mvua inanyesha tangu adhuhuri na mabati yanapiga kelele hata mtu hawezi kuwaza. Afadhali. Nikiwaza sana leo nitavunja kitu humu ndani.

Nimekasirika. Naanza na hilo ili nisijidanganye huko mbele. Nimemkasirikia mke wangu Zaina, nimemkasirikia bwana wa bima, na zaidi ya wote nimejikasirikia mimi Swedi, mwenye lori moja na kampuni ya mtu mmoja, ambaye tangu Jumamosi natembea mjini kama mwizi wa kuku.

Ngoja niandike kwa utaratibu.

Jumamosi nilishusha chumvi mtaa wa Gitega, hapahapa Kigali. Nilikuwa nimetoka Dar kwa njia ya Rusumo, maana njia ya Gatuna, ya kupitia Uganda, imefungwa na vita na sisi wenye malori tumebaki na mlango mmoja tu wa kwendea baharini. Kile kijia cha Gitega ni mteremko mwembamba, vibanda pande zote mbili, na udongo ulikuwa umelowa. Tulipomaliza kushusha, mbeba mizigo aliyekuwa ananielekeza kwa nyuma alikwenda dukani kudai ujira wake. Nilipaswa kumsubiri.

Sikumsubiri. Jua lilikuwa linashuka, nami nilitaka kupita vizuizi vya askari kabla ya giza, kwa sababu giza likiingia maswali yao huongezeka. Nikaingiza gia ya nyuma. Honi sikupiga.

Nilisikia mti unavunjika, kisha sauti ya mwanamke.

Ilikuwa nguzo ya kibanda cha Domitila, mama anayeuza makaa kwa mikebe. Paa lilimwangukia mguuni. Watu walimzunguka mara moja, wakampakia kwenye gari dogo la mwenye duka na kumkimbiza hospitali, na mimi wakati huohuo askari wa jandarma walikuwa wameshanishika mkono. Hata sura yake sikuiona. Waliniachia baadaye, lakini lori limebaki kwenye kiwanja chao mpaka jambo hili liishe, na mzigo wangu mwingine unanisubiri bandarini. Mguu umevunjika vibaya. Daktari anasema bila kuupasua na kuuwekea chuma, yule mama hatatembea tena sawasawa.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Kalisti, wakala aliyeniuzia asiransi. Ndivyo tunavyoiita bima hapa. Kusema kweli, miaka yote hii nilikuwa nainunua ile karatasi kwa ajili ya kioo cha mbele tu. Askari anainama, anaiona, ananipungia mkono nipite. Na kadi ya njano, ile bima ya kuvukia mpaka, niliinunua kwa ajili ya Watanzania, basi, kama mtu anavyonunua mwavuli kwa sababu wenzake wanao. Sikuwahi kukaa chini nikauliza inalipa nini na hailipi nini. Dereva wa kuajiriwa haumizi kichwa kwa mambo hayo, kwa sababu akigonga, anaitwa bosi. Mimi nikigonga na nikamtafuta bosi, namkuta kwenye kioo cha kunyolea ndevu.

Kalisti alifungua faili langu akatabasamu.

"Iko vizuri kwako, Swedi. Asiransi ya mizigo hauna, ya mwili yako hauna. Lakini ya mtu wa tatu iko. Huyu mama ni mtu wa tatu. Watamulipia."

Nilipumua. Halafu nikafikiri, kumbe wa kwanza ni mimi, wa pili ni kampuni, na yule aliyelala na maumivu ndiye anayehesabiwa mwisho. Hata hilo halikunisumbua. Nilikuwa na furaha mno.

"Ila usiende kumuona," akasema. "Usitume mutu. Usiseme pole, usiseme samahani. Ukikubali kosa kwa mdomo yako, asiransi inakuacha peke yako. Iko andikwa hapa." Akanionyesha kwa kalamu mistari ya Kifaransa, herufi ndogo kama mayai ya chawa.

Nikatii. Na hapa lazima niseme ukweli, maana hakuna anayesoma haya isipokuwa mimi. Nilitii upesi kwa sababu ilinifaa. Nilikuwa naogopa kwenda, na Kalisti akanipa ruhusa ya kuogopa.

Katika mji huu, ukimuumiza mtu, unakwenda. Uwe Mwislamu wa Rwezamenyo au Mkatoliki wa Rebero, unakwenda. Hata kama kosa ni lake. Unabeba chakula kwa sababu hospitali haipiki, unakaa ukingoni mwa kitanda, unasema mwihangane, yaani poleni, unainamisha kichwa. Asiyekwenda anachukuliwa kwamba anamwombea mwenzake kifo. Jumanne msikitini jirani yangu aliniuliza mgonjwa anaendeleaje. Nikamjibu, "Anaendelea vizuri." Sikujua hata kama yu hai. Usingizi wa usiku ule ulikuwa wa kugeukageuka tu, na Zaina kando yangu, kimya. Nilidhani anakaa kimya kwa kunionea huruma.

Kumbe!

Leo asubuhi Kalisti akaniita ofisini. Safari hii hakutabasamu.

"Swedi, wewe unajua bibi yako anaenda kule hospitali kila siku?"

Sikujua. Wallahi sikujua. Tangu Jumapili Zaina amekuwa akitoka hapa na chupa ya uji na ndizi ndani ya kitambaa, akiniambia anakwenda kwa dada yake. Siku ya kwanza tu alikaa kwenye kitanda cha Domitila, na mbele ya wodi nzima akasema, "Mutubabarire." Tusameheni. Mimi na mume wangu tumewakosea, tusameheni.

Na aliyepeleka habari hiyo kwa Kalisti hakuwa adui. Ni Fideli, kaka yake Domitila. Alikwenda kuuliza kampuni italipa lini ili dada yake apasuliwe, na katika mazungumzo akatusifu. Akasema hawa watu wa lori ni watu wazuri sana, mama wa pale nyumbani alishakuja akaomba msamaha kwa niaba ya mume wake. Alitusifu kwa moyo mweupe kabisa. Sifa hiyo ndiyo imenitia kitanzi.

Kalisti alikuwa ameshaandaa karatasi. Ina sentensi mbili. Ya kwanza, kwamba sikumtuma mke wangu na hasemi kwa niaba yangu. Ya pili, kwamba mimi sijawahi kumwomba msamaha mgonjwa wala ndugu zake, wala kukubali kosa kwa yeyote. Nikisaini, kampuni inaendelea na malipo na Domitila anapasuliwa. Nisiposaini, kampuni inajitoa, na mahakama italitazama lori langu. Kuna nini kingine cha kutazama? Mimi nina lori na nyumba ya kupanga.

Ubaya ni kwamba sentensi zote mbili zilikuwa kweli.

Nilishika kalamu. Nikairudisha mezani. Nikamwambia nitaileta kesho. Kalisti akakuna kidevu, akasema, "Kesho saa mbili, Swedi. Nisaidie nikusaidie." Si mtu mbaya, Kalisti. Naye ana wakubwa wake.

Nilifika nyumbani nimefura. Zaina alikuwa anachambua mchele.

"Ulikwenda kufanya nini kule?" nikamuuliza. "Nani alikutuma?"

Hakushtuka. Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele. "Kwani ulitaka nini, Baba Asha? Alale na njaa mpaka makaratasi yenu yaishe?"

"Ungeniuliza!"

"Ningekuuliza ungekataa."

Hapo alinikamata, na mtu aliyekamatwa hupiga kelele zaidi. Nikapiga kelele. Nikamweleza habari ya karatasi, lori, mahakama, kila kitu. Taratibu nikaona uso wake unabadilika. Alikuwa hajui kwamba pole yake inaweza kumnyima yule mama mguu. Akaweka ungo chini, machozi yakamtoka.

"Basi saini," akasema. "Andika kwamba mkeo ana kichaa, aliropoka. Mguu wa watu utengenezwe."

Hilo liliniuma kuliko kelele zote. Nikachukua koti nikatoka kwenye mvua.

Nilikwenda hospitali. Sikwenda kwa wema. Nilitaka kumweleza Domitila mapema kwamba karatasi ni karatasi tu, asije akasikia kutoka kwa wengine kwamba tumemkana. Nilitaka aniruhusu nisaini bila kujisikia mchafu. Kwa maneno mengine, nilikwenda kumwomba mgonjwa anihurumie mimi.

Wodi ya wanawake ilikuwa imejaa, wagonjwa na ndugu zao na masufuria yao. Fideli ndiye aliyeniona kwanza. Akasimama.

"Ni wewe dereva?"

Nikasema ni mimi. Domitila akageuza kichwa. Ni mwanamke mdogo kuliko nilivyofikiria, mguu umening'inizwa kwa kamba yenye uzito mwishoni, mikono bado ina weusi wa makaa kwenye kucha. Nikaanza kueleza habari ya karatasi. Nilieleza vizuri, nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Fideli alikuwa anatikisa kichwa, anaelewa, hata aliniambia nisaini upesi. Yeye anataka dada yake apone, na mimi nilimpenda kwa hilo.

Domitila hakuwa anasikiliza karatasi. Alikuwa ananitazama usoni.

"Bibi yako nilishamusamehe," akasema. "Wewe bado. Wewe nilikuwa sijakuona."

Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Siku ile ulipiga honi? Nauliza kwa sababu kila siku niko hapa najisemea, labda iko mimi. Labda honi ililia na mimi sikusikia. Nilikuwa napima makaa."

Ee Mungu wangu.

Siku zote hizi mimi najificha, na yeye amelala pale anayalaumu masikio yake. Kimya changu, kile alichoniuzia Kalisti na mimi nikakipokea kwa mikono miwili, kimekwenda kumkalia yeye kifuani.

Fideli alinitazama. Alijua vizuri kuliko dada yake jibu langu lina uzito gani. Nadhani hata alitikisa kichwa kidogo, nisijibu. Ningeweza kusema sikumbuki. Mtu aliyepata ajali anaruhusiwa kutokumbuka.

Nikasema, "Hukukosa kusikia, mama. Sikupiga honi. Na nyuma sikuwa na mtu wa kunielekeza, nilimwacha aende. Mumbabarire. Nisameheni."

Fideli akashika kichwa kwa mikono miwili. "Sasa asiransi?" akasema. Mwanamke wa kitanda cha jirani aliacha kula.

Domitila alifumba macho, akavuta pumzi ndefu. "Basi," akasema. "Si masikio yangu." Akalirudia hilo kwa Kinyarwanda, polepole, kama anaiambia nafsi yake. Kuhusu msamaha wangu hakusema kitu, na mimi sikuuliza. Nilikaa ukingoni mwa kitanda mpaka muuguzi alipotufukuza.

Sasa niko hapa na karatasi ya Kalisti iko mezani. Asubuhi sentensi zote mbili zilikuwa kweli. Jioni hii sentensi ya pili ni uongo, na nimeifanya iwe uongo mimi mwenyewe, mbele ya mashahidi wa wodi nzima. Na ya kwanza siitaki tena. Ningependa kuwa ndiye niliyemtuma Zaina. Nimemwambia hivyo muda mfupi uliopita, kwa shida, maana kuomba radhi mara mbili siku moja si mazoea yangu. Amenitazama akasema chai inapoa.

Naogopa sana. Kampuni ikijitoa, lori litauzwa, na jina langu lililoandikwa mlangoni mwake litafunikwa kwa rangi na mwenye lori mpya. Nitarudi kuendesha magari ya watu, kama nilivyoanza. Labda fedha ya lori itatosha mguu wa Domitila, labda haitatosha, na hapo tutakuwa tumekosa wote wawili, mimi kwa ukweli wangu na yeye kwa kuuliza. Wazo hili linanirudia tangu magharibi. Kama ningesaini asubuhi, leo daktari angekuwa anaandaa chuma. Hilo siwezi kulikimbia.

Kesho nitamweleza Kalisti kila kitu. Nitamwambia nimesema kilichotokea, sikuahidi fedha ya kampuni yake. Nani alaumiwe kiasi gani, hiyo ni kazi yao na jandarma, wapime wenyewe, alama za matairi zipo. Afute sentensi zake, aandike kwamba dereva alirudi nyuma bila honi, na hiyo nitaisaini mara kumi. Akikataa nitaomba kumwona mkubwa wake. Kifaransa changu ni cha barabarani, lakini kitatosha.

Na kabla hajanifukuza nitamuuliza swali moja tu. Kama nilinunua bima kwa ajili ya siku nitakayokosea, kwa nini siku hiyohiyo ndiyo nisiyoruhusiwa kusema nimekosea?

Atanijibu saa mbili asubuhi.